Kumlisha mbwa wa mgeni hakumfanyi kuwa wako

KWAKO MHARIRI,

Mgeni alikuja na mbwa. Akakaa miezi mitatu, kazi ikamwita Doha, akaondoka na mabegi yake na mbwa akabaki uani. Mwaka mmoja na nusu baadaye amerudi likizo na anamtaka mbwa wake. Mwenyeji anasema huyu si mbwa wa mgeni tena, ni wa nyumba hii. Watoto wamemzoea, na aliyemlisha ndiye mwenyewe. Kila upande una hakika kwamba sheria iko nao, na mara nyingi pande zote mbili zimekosea.

Tunaandika sisi wawili, mmoja wakili na mwingine daktari wa mifugo, kwa sababu ugomvi wa aina hii hubisha hodi kwetu sote: kwa daktari watu hutafuta karatasi za chanjo, kwa wakili hutafuta barua. Tunayoyasema hapa ni ya sheria ya Kenya. Ndugu zetu wa Tanzania na Uganda watakuta misingi inafanana, lakini mahakama zao na muda wao wa kushtaki si huu.

Tuanze na jambo linalowaudhi wengi. Mbele ya sheria yetu mbwa au paka ni mali, sawa na baiskeli au redio. Kuna nchi zilizoanza kuondoka huko. Hispania ilibadilisha sheria yake mwaka 2021 ikawatambua wanyama kuwa viumbe wenye hisia, na wanandoa wakiachana, hakimu wa huko huangalia pia ustawi wa mnyama. Sisi hatujafika, na tungependa tufike. Kwa sasa, ukisimama mbele ya mwamuzi ukaeleza kwamba mbwa hulala miguuni pako na hataki kula mkononi mwa mtu mwingine, atakusikiliza, kisha atauliza: mali ilikuwa ya nani, aliitoa lini, na kwa maneno gani?

Mgeni anapomwacha mnyama kwako nawe ukakubali, kinachopatikana hapo ni amana. Wasomaji wa pwani hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Kanuni za kale za Uingereza, ambazo Sura ya 8 ya sheria zetu inaruhusu zitumike hapa, zinakwenda njia hiyohiyo: aliyepokea amana ana haki ya kushika, hana haki ya kumiliki. Anatakiwa kuitunza kwa uangalifu wa mtu mwenye busara, asiiuze, asiigawe, na airudishe mwenyewe anapoidai. Yale maneno ya mtaani kwamba "akikaa kwangu miezi 3 ni wangu" hayapo katika sheria yoyote. Hakuna miezi 3, hakuna miezi 6, hakuna mwaka. Muda peke yake haugeuzi amana kuwa zawadi. Iko Sura ya 38 inayoruhusu kuuza vitu visivyochukuliwa, lakini hiyo ni ya wafanyabiashara waliopokea kitu cha kutengenezwa, kama fundi wa saa. Haimgusi mtu aliyemkaribisha rafiki nyumbani kwake.

Shida kubwa iko kwenye neno moja la Kiswahili: nimekuachia. Mgeni yuko mlangoni, teksi inapiga honi, anasema, "Basi, nimekuachia Simba." Amesema nini? Mama anayemwambia jirani "nakuachia mtoto kidogo niende sokoni" hajamtoa mtoto. Mzee anayemwambia mwanawe "shamba la chini nimekuachia wewe" ametoa, na hatarajii kurudishiwa. Kitenzi ni kilekile. Tukiulizwa ni wapi hasa kesi hizi hushindwa au hushinda, tunasema ni hapo mlangoni.

Kwa hiyo mwamuzi hutazama maneno yaliyolizunguka neno hilo. "Nitunzie", "nishikie", "mpaka nirudi", "nitakutumia ya chakula": hayo ni maneno ya amana. "Nimekupa", "ni wako sasa", "sitamrudia", "ukichoka mtafutie mtu mwingine": hayo yanaelekea kwenye zawadi. Ili zawadi ithibitike sharti viwepo vitu vitatu, yaani nia ya kutoa, kukabidhi, na kupokea, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa yule anayedai kwamba alipewa. Mwenyeji asiye na ujumbe hata mmoja wa "nimekupa" ana kazi ngumu.

Baada ya maneno hutazamwa mwenendo. Mgeni aliyetuma shilingi 1,500 kwa M-Pesa miezi minne mfululizo na kuandika "ya Simba" amejiandikia ushahidi kwamba alijiona bado mwenye mbwa. Omba taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote kizima, usichague miezi. Mgeni ambaye kwa miezi 14 hakuuliza hata kama mbwa yu hai, hakujibu simu, kisha akabadilisha nambari bila kusema, amejidhoofisha sana. Lakini hata huyo hajapoteza moja kwa moja. Kutelekeza mali maana yake ni kuiacha ukiwa na nia ya kutoirudia tena, na mahakama haziharakishi kuona nia hiyo katika ukimya mtupu. Ukimya huanza kuwa na uzito mtu alipoulizwa waziwazi, akapewa tarehe, na bado akanyamaza. Tutarudi kwenye tarehe hiyo, kwa sababu ndiyo dawa.

Ni haki pia kusema kwamba wengi hawaachi wanyama kwa kutojali. Wanagundua masharti ya safari wakiwa wamechelewa. Kumpeleka mbwa au paka Umoja wa Ulaya au Uingereza kutoka Kenya kunataka chipu ya utambulisho iwekwe kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, mnyama akiwa na umri wa wiki 12 au zaidi. Zipite siku 30, ndipo damu itolewe na kupelekwa maabara iliyoidhinishwa ili kupima kinga. Kiwango kinachokubaliwa ni 0.5 IU kwa mililita au zaidi. Tangu siku damu ilipotolewa, mnyama husubiri miezi 3 kabla ya kusafiri. Hesabu yote haipungui miezi 4. Chanjo ikitangulia chipu haihesabiwi, unaanza upya. Mtu aliyepata visa leo na tiketi ya mwezi ujao hawezi kuyatimiza hayo, ndiyo maana makabidhiano mengi hufanyika usiku wa mwisho, kwa haraka, bila karatasi, kwa ahadi ya "nitapanga nimchukue baadaye". Mwenyeji akimsaidia kukamilisha hatua hizo, gharama ni ya mwenye mbwa, na iandikwe hivyo.

Sasa karatasi zenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mbwa daftari ni kadi ya chanjo. Tatizo ni kwamba nafasi ya "mwenye mnyama" hujazwa jina la aliyemleta siku hiyo. Mwenyeji akimpeleka mbwa kwa chanjo ya mwaka, akafunguliwa kadi mpya kwa jina lake, akaja nayo mahakamani, kadi hiyo inaonyesha nani alimpeleka mbwa kliniki. Haionyeshi nani anammiliki. Na ikigundulika kwamba kadi ya zamani ya mgeni ilikuwepo ikafichwa, mwenyeji ameharibu uaminifu wake katika mambo mengine yote. Njia safi ni kumwomba daktari aandike majina mawili: mwenye mbwa fulani, mtunzaji fulani. Ni mstari mmoja tu wa wino.

Chipu nayo inaeleweka vibaya. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, huchomwa chini ya ngozi katikati ya mabega, hakina betri na hakionyeshi mnyama yuko wapi. Skana ikipitishwa karibu yake inasoma nambari ya tarakimu 15, basi. Nambari hiyo haisemi nani mwenye mbwa. Inasema huyu ndiye mbwa yuleyule, na hilo pekee linaweza kumaliza ubishi iwapo tarakimu hizohizo zimeandikwa kwenye kadi ya mgeni ya kabla hajaja kwako. Daktari makini husoma kwanza kama ipo chipu kabla ya kuweka nyingine, na tarehe ya kuweka huandikwa. Mwenyeji anayemwekea mbwa chipu wiki moja baada ya kupokea barua ya madai hajajisaidia.

Paka ni wagumu zaidi. Paka wa pwani huzunguka, hula nyumba mbili tatu, na paka wawili wa rangi moja hufanana. Piga picha ubavu wa kushoto na wa kulia, uso, nyayo na mkia, mchana, kwenye mwanga. Kovu, pindo la mkia, doa kwenye kaakaa: hivyo ndivyo vinavyomtofautisha. Picha zenye tarehe za miaka miwili iliyopita zina nguvu kuliko majirani watano wanaoapa.

Kuhusu ujumbe wa simu: usikate picha ya skrini ikabaki sentensi moja unayoipenda. Toa mazungumzo yote, na ufungue ukurasa wa jina lake ili nambari ionekane, kwa maana "Rafiki wa Malindi" si jina la mtu mahakamani. Kagua pia kama WhatsApp yako imewekwa ijifute baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, uizime leo. Ukichapisha, ambatisha cheti kifupi cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: nani aliyechapisha, kutoka simu gani, lini, kwa njia gani, na sahihi. Ni ukurasa mmoja, lakini kukosekana kwake kumezima ushahidi mzuri mno.

Tufike kwenye gharama, ambako hasira huwa nyingi. Je, mwenyeji anaweza kudai chakula na matibabu? Kama mlielewana, mnakwenda kwa makubaliano. Kama hamkuelewana, bado kuna njia, na kesi inayoifungua ni ya mnyama hasa. Mwaka 1874 huko Uingereza kampuni ya reli ya Great Northern ilimshtaki Swaffield, mwenye farasi. Farasi alisafirishwa kwa treni, akafika kituoni bila mtu wa kumpokea, kampuni ikamlaza kwenye zizi la kulipia. Mwenyewe akakataa kulipa. Mahakama iliamua alipe, kwa sababu kampuni haingeweza kumwacha mnyama bila malazi na lishe. Kanuni hiyo ni ya kabla ya 1897, mwaka ambao sheria yetu inautaja kuwa mpaka wa kanuni za Uingereza tulizozirithi, na inaingia vizuri kwenye hali ya mwenyeji aliyebaki na mbwa bila kupenda.

Kinachodaiwa ni kilichokuwa cha lazima. Chakula cha kawaida, chanjo ya kila mwaka, dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3, matibabu ya ugonjwa. Tuseme mbwa wa kilo 15 anakula gramu 250 za chakula kikavu kwa siku. Hiyo ni kilo 7.5 kwa mwezi. Kilo ikiwa shilingi 250, ni shilingi 1,875 kwa mwezi, na kwa miezi 18 ni shilingi 33,750. Weka risiti, na kama ulimlisha ugali na omena, usiandike bei ya chakula cha dukani. Madai yaliyotiwa chumvi huonekana haraka, hasa mwamuzi anapouliza uzito wa mbwa na mdai hajui.

Lakini, na hapa tunaomba kila mwenyeji asome mara mbili, kudai gharama ni jambo moja na kumzuia mnyama ni jingine. "Lipa kwanza ndipo umchukue" haina msingi kwa mtu aliyeweka mnyama nyumbani. Mwenye hoteli ana haki ya kale ya kuzuilia mizigo ya mgeni mpaka alipwe. Aliyelisha mnyama wa mtu tu hana, na mahakama za Uingereza zilisema hivyo karne mbili zilizopita hata kwa mtu aliyelipwa kumlishia mwenzake farasi. Mrudishe, kisha dai fedha zako. Ukimzuia umemgeuza aliyekuwa mdeni wako kuwa mdai wako.

Sasa ile tarehe. Mwenyeji, ukiona mgeni hajibu, andika. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Mbwa wako wa kiume, rangi ya kahawia, kifua cheupe, yuko kwangu Nyali tangu tarehe 3 Machi. Nimetumia shilingi 6,400 kwa chanjo na dawa, risiti ninazo. Nakuomba uje umchukue, au utume mtu mwenye idhini yako ya maandishi, au uniandikie kwamba umenipa, kabla ya tarehe 30 Juni. Usiponijibu kufikia siku hiyo nitachukua kwamba humhitaji tena, nami nitaamua makao yake."

Sheria haijataja idadi ya siku. Sisi hupendekeza 14 kwa aliye nchini na 30 kwa aliye nje. Tuma kwa njia tatu: WhatsApp, ujumbe wa kawaida, na barua pepe au kwa ndugu yake unayemjua. Rudia mara moja baada ya wiki. Mgeni akinyamaza baada ya hapo, hoja ya kutelekeza imepata miguu. Bila barua hiyo, mwenyeji mwema aliyekaa kimya miezi 20 kisha siku moja akasema "simtoi" anaonekana kana kwamba alikuwa akivizia.

Mgeni naye adai kwa uwazi. "Nitakuja siku moja kumwona Simba" si kudai. Andika kwamba unamtaka, taja siku, saa na nani atakayemchukua. Kosa la kuzuilia mali huanza pale mwenyewe alipodai na mwenye kushika akakataa, na Sura ya 22 inakupa miaka 3 tangu hapo kufungua kesi. Mwenyeji akiuza au akimgawa mbwa, saa huanza kuhesabu siku hiyo ya kuuza. Kama mlikuwa na mkataba wa kulipana kwa utunzaji, madai ya mkataba yana miaka 6.

Mwenyeji anayesema "ngoja nihakikishe kama huyu binamu umemtuma wewe" hajakataa. Ana haki ya kuhakikisha, kwa kuwa akimkabidhi mtu asiye na idhini, hasara ni yake. Simu ya video na ujumbe wenye jina na nambari ya kitambulisho cha aliyetumwa vinatosha.

Na aliyenunua mbwa huyo kwa mwenyeji? Asiye na mali hawezi kuiuza. Mnunuzi, hata akiwa hana hatia, humrudisha mbwa kwa mwenyewe kisha amdai aliyemuuzia.

Mahali pa kwenda, kwa mizozo mingi ya aina hii, ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016 na ilianza kusikiza kesi Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Sasa iko katika miji kadhaa, Mombasa ikiwemo. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yenyewe inataja waziwazi madai ya kurudishiwa mali inayohamishika. Huhitaji wakili. Mwamuzi hafungwi na kila kanuni ya ushahidi, kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na hukumu isizidi siku 3 baada ya kusikizwa. Rufaa inakwenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria pekee, kwa hiyo usiweke ushahidi wako akiba kwa ajili ya rufaa.

Kosa tunaloliona mara nyingi kwenye hati za madai ni mdai kuandika thamani tu. Mbwa wa mchanganyiko, asiye wa ukoo wa karatasi, sokoni hana bei ya maana. Ukidai thamani utapewa elfu mbili tatu na mbwa atabaki alipo. Andika kwanza kwamba unaomba arudishwe, umweleze kwa jinsia, rangi, umri, alama na nambari ya chipu. Thamani iwe ombi la pili, ikishindikana kumrudisha. Mwenyeji naye, akipokea hati, asiishie kujibu. Aweke madai yake kinzani ya gharama humohumo. Mahakama hii inayaruhusu, na mara nyingi mambo huishia kwa amri moja: mbwa arudishwe Jumamosi, na shilingi kadhaa zilipwe.

Watu hukimbilia polisi kwanza. Sheria ya makosa ya jinai inakubali kwamba mnyama wa kufugwa anaweza kuibwa, ni kweli. Lakini mtu anayeamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya mali hiyo si mwizi, na afisa akisikia kwamba mgeni mwenyewe ndiye aliyemwacha mbwa atakuambia hiyo ni kesi ya madai. Nenda uandikishe kama unataka, nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, husaidia kuthibitisha tarehe uliyolalamika, ila usingoje mtu akamatwe. Ofisi ya chifu au mzee wa mtaa inafaa zaidi, mkiandika mliyokubaliana na kutia sahihi mbele ya shahidi. Kwa kadhi hapana: Katiba imempa ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu kwa Waislamu, mbwa au paka hayumo. Na tafadhali, asiruke mtu ukuta usiku kumchukua mbwa wake. Tumeona ambavyo aliyekuwa na haki jioni anaamka yeye ndiye mshtakiwa.

Yapo ya kitabibu yanayozaa kesi ndani ya kesi. Mbwa jike akizaa akiwa kwako, watoto ni wa mwenye mama, isipokuwa mlikubaliana vingine. Hata kama dume ni lako. Mimba ya mbwa ni takriban siku 63. Mwenyeji aliyeuza watoto wanne anatakiwa kutoa hesabu ya fedha, akipunguza lishe na dawa. Kuhasi dume kwa sababu tu anatoroka ni uamuzi wa mwenyewe, si wako. Dharura ni kitu kingine. Jike ambaye hajatolewa kizazi anaweza kupata usaha tumboni mwa uzazi, mara nyingi wiki 4 hadi 8 baada ya kipindi cha kutaka dume: hunywa maji kupita kiasi, huacha kula, hutapika, wakati mwingine hutokwa na uchafu. Akicheleweshwa hufa. Piga simu, tuma ujumbe, na asipopatikana mwenyewe, apasuliwe, huku daktari akiandika ripoti yenye saa na dalili. Hiyo ndiyo lazima ambayo mwenye mbwa hulipia.

Mnyama akifa mikononi mwako, wewe ndiye utakayetakiwa kueleza kwamba hukuzembea. Usimzike jioni hiyohiyo kimyakimya. Mpigie mwenyewe, umpeleke daktari achunguze, uweke ripoti. Ila kama kuna dalili za kichaa, mate kumtoka, kuuma ovyo, taya kulegea, usimguse. Ita ofisi ya mifugo. Na chanjo ikipita muda akiwa kwako kisha amng'ate mtoto wa jirani, usitarajie kujificha nyuma ya "si wangu". Anayemshika ndiye anayeulizwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mbwa afungwe na kuangaliwa siku 10.

Wala huwezi kumtupa barabarani kwa hasira ya mgeni. Sura ya 360 inafanya kumtelekeza mnyama, iwe kwa muda au moja kwa moja, mahali atakapoteseka, kuwa kosa la jinai, kwa mwenyewe na kwa anayemtunza. Ukishindwa na muda wa notisi umepita, mpeleke KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, au kituo kingine, na kwenye fomu eleza ukweli kwamba uliachiwa. Usitie sahihi kama mwenye mnyama.

Kama aliyeachwa ni kasuku wa kijivu au kobe, sahau yote tuliyoandika. Hao ni wanyamapori. Kuwaweka bila kibali ni kosa, na hakuna mahakama itakayoamua nani kati yenu arudishiwe asichoruhusiwa kuwa nacho. KWS, yaani shirika la serikali la wanyamapori, iliwahi kuwapa wenye kasuku wa kijivu muda wa kuwasajili bila kushtakiwa. Aliyeuacha muda huo ukapita aende KWS mwenyewe kabla hawajaja.

Mkiafikiana mbwa arudi, siku ya makabidhiano iwe mchana. Mgeni aje na mnyororo wake. Mwenyeji atoe kadi zote za chanjo, za zamani na mpya, na chakula anachokula sasa cha siku 7, kichanganywe kidogo kidogo na kile kipya, maana kubadilishiwa ghafla humharisha, na mbwa akiharisha kesho yake mgeni atasema amepewa mgonjwa. Andikeni nakala mbili: tarehe, saa, hali ya mbwa, uzito, nambari ya chipu, fedha zilizolipwa na zilizobaki. Kila mmoja atie sahihi, na shahidi.

Wakili na daktari wa mifugo,
Mombasa